Buibui, Foleni na Daftari la Bei: Jinsi Kompyuta Inavyopita Tovuti Nzima na Kurudi na Data

Kila jioni baada ya magharibi, mdogo wangu huketi barazani Makorora, hapa Tanga, daftari la kaunta magotini na simu mkononi. Anafungua tovuti inayotangaza bei za mazao, anatafuta maharage, anaandika. Anarudi nyuma, anatafuta mahindi, anaandika. Mchele, vitunguu, machungwa, kisha anahamia soko jingine na kuanza upya. Yeye hununua machungwa Muheza na kuyasafirisha, kwa hiyo safu hizo za namba ndizo zinazomwambia apakie gari leo au asubiri. Daftari lina miezi minane sasa. Lina na mapengo: wiki aliyolala na malaria, siku bando lilipomwishia, na jioni chache alipoandika 1,200 badala ya 2,100 kwa uchovu.

Siku moja alinisogezea lile daftari. "Kaka, wewe unayeshinda kwenye kompyuta, haiwezi kunakili haya yenyewe? Na zile bei za misimu ya nyuma, haiwezi kuzifuata?"

Inaweza. Lakini namna inavyoweza inahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu watu wengi, hata wanafunzi wa kompyuta, hudhani shughuli yote iko kwenye kuzileta kurasa. Kuzileta ni mistari michache ya msimbo, yaani maelekezo anayoandikiwa kompyuta. Kazi inayomchosha mtu ni kujua umeshapita wapi, kwenda kwa mwendo usiomuumiza mwenye tovuti, na kuyasafisha maneno unayorudi nayo.

Ukurasa unapofika

Simu inapofungua ukurasa hutuma ombi kwa seva, yaani kompyuta iliyowekwa mahali fulani ikisubiri maombi ya namna hiyo. Seva hurudisha namba na maandishi. Namba 200 inasema ukurasa huu hapa. 301 inasema umehamia anwani nyingine, 403 huruhusiwi kuuona, 404 haupo. 429 inasema unaomba mno, punguza, na 503 inasema seva haiwezi kukuhudumia kwa sasa, mara nyingi kwa sababu imelemewa. Kumbukeni hii ya mwisho, nitairudia.

Yale maandishi ndiyo HTML. Kivinjari, yaani programu inayokufungulia tovuti, huyapamba kwa rangi na mistari kabla mtu hajayaona. Mdogo wangu aliona jedwali zuri la kijani. Kompyuta ilipokea mstari wa namna hii, namba nimezibadilisha:

<tr><td class="zao">Maharage</td><td class="bei">2,800/=</td></tr>

Kwa programu, bei ni maandishi yaliyomo ndani ya kisanduku cha td chenye jina "bei". Ukiiambia td.bei::text, itakwenda moja kwa moja hadi 2,800/= bila kujali rangi wala ukubwa wa herufi. Anwani hiyo fupi ndiyo inayochukua nafasi ya jicho. Ni kali na sahihi, ila haina huruma: mwenye tovuti akibadilisha jina la kisanduku kesho, programu haitalalamika. Itarudi mikono mitupu na kuandika safu tupu, siku baada ya siku, mpaka mtu afungue faili na kushtuka. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachoongeza katika programu yoyote ya aina hii ni sharti moja: ukikuta jedwali halina bei hata moja, simama, nipigie kelele.

Maktaba ni nini hapa

Wanaoandika programu husema "maktaba" wakimaanisha rundo la msimbo uliokwisha kuandikwa na kujaribiwa na wengine, unaouchukua na kuutumia ndani ya kazi yako. Katika Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, zipo nyingi kwa shughuli hii. Requests hutuma maombi na kupokea majibu. Beautiful Soup, iliyoanzishwa na Leonard Richardson mwaka 2004, husoma HTML hata ile iliyoandikwa ovyo na kukuachia uchague sehemu unayoitaka.

Kwa ukurasa mmoja kila jioni, hizo mbili zinatosha, na mtu akikuambia unahitaji zaidi anakuongezea mzigo. Ila swali la pili la mdogo wangu, lile la misimu ya nyuma, ndilo lililobadilisha kazi. Kumbukumbu za tovuti ile zilikuwa kurasa 2,400 hivi, kila siku na ukurasa wake, zimefichwa nyuma ya viungo, yaani maneno unayobofya yakakupeleka ukurasa mwingine, vya miaka, miezi na wiki. Hapo unahitaji kitu kinachofuata viungo chenyewe.

Kutuma programu itembee kwenye tovuti kulianza mapema, mtandao ukiwa bado mchanga. Mwaka 1993 Matthew Gray wa chuo cha MIT, Marekani, aliandika programu iliyofuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa ili apime mtandao ulikuwa mkubwa kiasi gani. Mitambo ya kutafuta tunayoitumia leo husimama juu ya wazo hilo hilo.

Maktaba niliyoichukua inaitwa Scrapy. Ilizaliwa katika kazi za kampuni mbili, Mydeco ya London na Insophia ya Montevideo, Uruguay, mji wa bandari kama huu wetu, na ikatolewa hadharani mwaka 2008. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Programu unayoiandika juu yake huitwa buibui. Hapa Tanga neno hilo humleta kwanza akilini mama aliyevaa vazi lake jeusi, lakini hapa tunamzungumzia mdudu atembeaye juu ya utando. Wewe unamwambia buibui mambo matatu: aanzie anwani ipi, achukue nini akifika, na afuate viungo vipi. Mengine, yaani kutuma maombi, kupanga zamu, kurudia yaliyoshindikana na kuandika faili la matokeo, Scrapy inayabeba.

Foleni

Moyo wa mambo yote haya ni foleni, na nafikiri ndipo mtu anapoelewa au anapopotea.

Chukua Ngamiani. Barabara zake zina namba na zimenyooka, mtaa unakatana na mtaa. Ukiambiwa upite kila barabara, unaanza ya kwanza, unakwenda ya pili, huwezi kupotea. Tovuti nyingine ziko hivyo: ukurasa wa 1, wa 2, wa 3, hadi mwisho. Buibui anahesabu tu. Sasa fikiria uswahilini kwenye vichochoro, ambako kila uchochoro unafungukia vingine vitatu na kimojawapo kinakurudisha ulikotoka. Tovuti nyingi ziko hivyo. Ukurasa wa maharage una kiungo cha soko la Tanga, wa soko la Tanga una kiungo cha maharage, na kila ukurasa una kiungo cha kurudi mwanzo. Programu isiyo na kumbukumbu itazunguka humo mpaka umeme ukatike.

Kwa hiyo Scrapy huweka orodha mbili. Moja ni ya anwani zinazosubiri kutembelewa, nyingine ni ya alama za anwani zilizokwisha kupita. Kila kiungo kipya hupimwa kwanza dhidi ya hizo alama. Kikiwamo, kinatupwa, kama hakimo, kinaingia kwenye foleni. Na kipimo chenyewe ni cha akili, kwa kuwa anwani inayoishia na ?soko=tanga&zao=mahindi na ile inayoishia na ?zao=mahindi&soko=tanga huhesabiwa kuwa kitu kimoja, maana hupangwa upya kabla ya kulinganishwa.

Hata hivyo kuna mitego ambayo alama hazitoshi kuikwepa. Ninaoujua vizuri ni kalenda. Tovuti ile ilikuwa na kalenda yenye kitufe cha "mwezi ujao", na kitufe hicho hakikuwa na mwisho. Kila mwezi ni anwani mpya kweli, haijawahi kupitwa, basi buibui wangu alikwenda mwaka 2031, akaenda 2040, akileta kurasa tupu moja baada ya nyingine. Dawa ni kumwekea mipaka: asitoke nje ya jina la tovuti hii, asiingie zaidi ya hatua kadhaa kutoka mlangoni, asifuate kiungo chenye mwaka unaozidi huu. Scrapy ina mahali pa kuandika hayo. Kina cha hatua, kwa mfano, huwekwa kwenye DEPTH_LIMIT, na usipokiweka hakuna kikomo.

Mwendo

Mama lishe mwenye majiko manne hapiki wali akasimama kuutazama mpaka uive ndipo abandike maharage. Anabandika vyote, anapita akikoroga kile kinachotaka kukorogwa. Scrapy hufanya vivyo hivyo: ikituma ombi haisimami kusubiri jibu, inatuma jingine na jingine, na jibu lolote likirudi inalishughulikia. Kwa kawaida yake ya ndani, inaruhusu maombi 16 kuwa njiani kwa wakati mmoja, na yasizidi 8 kwa tovuti moja. Ndiyo maana ina kasi. Na ndiyo maana inaweza kumdhuru mtu.

Nilijifunza hili kwa kosa langu. Kabla sijaijua Scrapy niliandika programu yangu mwenyewe iliyotuma maombi 50 kwa mpigo, bila kupumzika, kwenye tovuti ya taasisi moja ndogo. Dakika za mwanzo majibu yalikuwa 200. Yakaanza kuja 503. Sikuelewa, nikadhani ni mtandao wangu, nikaiacha iendelee kujaribu. Baadaye ukurasa haukufunguka kabisa, si kwangu wala kwa mtu mwingine yeyote. Ilikuwa siku watu wanaitafuta tovuti hiyo kwa shida zao. Nilipoelewa nilichofanya niliizima programu, nikapiga simu kuomba radhi. Aliyepokea alikuwa fundi mmoja tu anayeihudumia ile seva peke yake, na alikuwa amehangaika nayo tangu asubuhi. Sauti yake bado ninaikumbuka.

Seva ndogo haijui kutofautisha pupa na uadui. Maombi mia kwa sekunde ni maombi mia kwa sekunde, yawe ya mhalifu au ya kijana anayetafuta bei ya vitunguu. Siku hizi kila buibui wangu nampa DOWNLOAD_DELAY, yaani pumziko kati ya ombi na ombi, ya sekunde 2 na ombi moja tu kwa wakati. Piga hesabu uone upole unagharimu nini: kurasa 2,400 mara sekunde 2 ni sekunde 4,800, yaani saa moja na dakika 20. Unaoga, unaswali isha, unakula, kazi imekwisha. Ipo na njia ya AutoThrottle, ambayo hupima seva inachukua muda gani kujibu na kuongeza mapumziko yenyewe seva inapochoka. Hiyo lazima uiwashe, haijiwashi.

Kabla ya mwendo kuna ruhusa. Tovuti nyingi huweka faili liitwalo robots.txt, linaloorodhesha sehemu ambazo programu zinaombwa zisiingie. Utaratibu huo ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukaishi miaka mingi kwa makubaliano tu, hadi mwaka 2022 ulipoandikwa kuwa kanuni rasmi ya intaneti kwa jina la RFC 9309. Faili hilo ni kibao, halina kufuli. Mtu anaweza kulipuuza, na wapo wanaolipuuza. Ukianzisha mradi mpya wa Scrapy, mpangilio unaokuja nao humtaka buibui alisome na kulitii, na sioni sababu ya kumgeuza. Jambo jingine la adabu ni kujitambulisha. Kila ombi hubeba jina la mwombaji; andika jina la mradi wako na barua pepe, ili fundi kama yule niliyemsumbua ajue pa kukupata kabla hajakufungia.

Kwa mazingira yetu kuna mambo mawili yatakayokuokoa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, buibui hufa na foleni yake. Ukimpa folda ya JOBDIR, huandika foleni na alama zake kwenye diski, na ukimzima vizuri ataendelea alipoishia. Mimi humzima kompyuta inapobaki na betri tu. La pili ni HTTPCACHE_ENABLED: ukiiwasha, kila ukurasa uliokwisha kuletwa hutunzwa kwenye kompyuta yako. Utakosea anwani za visanduku mara kumi kabla ya kupatia, na kila unaporudia hutumii bando wala humsumbui mwenye seva. Bando lenyewe haliliwi kama watu wanavyoogopa, kwa sababu buibui haleti picha usipomtuma. Kila ukurasa wa jedwali lile ulikuwa kilobaiti 40 hivi, kwa hiyo kurasa zote 2,400 hazikufika megabaiti 100.

Kusafisha

Sasa unalo faili. Hapa ndipo nilipokaa siku nne, ilhali buibui mwenyewe nilimwandika alasiri moja.

Bei zilikuja hivi: 2,800/=, Tsh 2800, 2.800, 2,700-2,900, na kistari kitupu. Kompyuta haijui kwamba vitatu vya mwanzo ni kitu kimoja. Ile 2.800 itaisoma kuwa mbili nukta nane, na wastani wako wa mwezi utaanguka bila wewe kujua. Kile kistari kinaumiza zaidi. Maana yake siku hiyo bei haikuchukuliwa. Ukikigeuza kuwa sifuri, unasema maharage yaligawiwa bure. Kiache kiwe pengo.

Kisha majina. Miaka ya mwanzo tovuti iliandika "Maharagwe", baadaye "Maharage", na mahali pengine "Maharage (soya)". Kwa mtu ni wazi lipi ni lipi. Kwa kompyuta ni mazao matatu. Vipimo navyo vilibadilika: kuna kurasa zilizotoa bei ya kilo, nyingine ya gunia la kilo 100, na kila aliyewahi kununua shambani anajua lumbesa si gunia. Hakuna maktaba itakayokupangia hayo. Nilikaa na mdogo wangu tukapita orodha pamoja, yeye akisema "hii ni ya jumla, hii ya rejareja" kwa kuitazama bei tu, mimi nikiandika kanuni.

Tarehe ni mtego wa kimya. 03/04/2023 kwetu ni tarehe 3 Aprili. Maktaba maarufu ya majedwali iitwayo pandas, usipoielekeza, huisoma kuwa Machi 4, kwa desturi ya Marekani. Halafu ikifika 13/04/2023 inakwama au inageuza mpangilio, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Mwambie tangu mwanzo kwamba siku hutangulia.

Na kuna jambo moja la Kiswahili chenyewe ambalo sijaona likielezwa mahali pengi. Neno ng'ombe lina ile alama ndogo katikati. Kwenye kurasa zile nilikuta imeandikwa kwa namna tatu: alama iliyonyooka ya kibodi, ile iliyopinda kulia ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, na ile iliyopinda kushoto. Machoni zinakaribia kufanana. Ndani ya kompyuta ni herufi tatu tofauti zenye namba tofauti, na utafutaji wa ng'ombe ulinirudishia robo tu ya safu za mifugo. Zigeuze zote ziwe moja kabla ya kuhesabu chochote. Yeyote anayekusanya maandishi ya Kiswahili mtandaoni atakutana nalo kwenye ng'ombe, ng'ambo, kung'aa na kadhalika, na asipolishika maneno hayo yatakatika vipande viwili.

Kurasa zisizo na kitu

Wakati mwingine unaleta ukurasa, 200 safi, lakini ndani hamna jedwali. Kwenye kivinjari unaliona. Sababu ni kwamba ukurasa ulikuja mtupu, kisha JavaScript, msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, ikaenda kuzichukua namba mahali pengine na kuzipanga mbele yako. Scrapy peke yake haiendeshi JavaScript. Wengi hukimbilia kuongeza kivinjari kizima kwa kutumia Playwright, maktaba inayoendesha kivinjari, nacho hufanya kazi, ila ni kizito kwa kompyuta ndogo. Kwanza fungua zana za kivinjari chako, tazama maombi yanayotoka ukurasa unapofunguka. Mara nyingi utakuta anwani moja inayoleta data peke yake, imepangwa vizuri kuliko jedwali lenyewe.

Kilicho hadharani na kilicho chako

Bei ya mahindi haina mwenyewe. Makala iliyoandikwa na mtu ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Ukurasa unaotaka nywila umefungwa, na kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Linalonigusa zaidi ni watu. Tovuti ile ya bei ilikuwa na kurasa za madalali, majina na namba za simu. Buibui angeweza kuzibeba zote kwa dakika chache. Nilimzuia. Mtu aliyeweka namba yake ili mnunuzi wa vitunguu ampigie hakukubali iingie kwenye orodha ya watu elfu inayouzwa kwa watuma ujumbe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali na ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata bila sheria, namba ya simu ya dalali haikuwamo katika swali la mdogo wangu, basi haikuwa na haja ya kuwamo katika faili.

Buibui wa kila siku tulimpangia saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya tatu tuliketi barazani kulinganisha, yeye na daftari, mimi na kompyuta, mstari kwa mstari. Mchele ulilingana, mahindi yalilingana. Machungwa hayakulingana siku zote tatu, na alikuwa na hakika na mwandiko wake. Tulitafuta kosa kwenye msimbo karibu saa nzima. Kisha akafungua ukurasa kwenye simu akanionyesha chini kabisa, kwa herufi ndogo: imesasishwa saa nane mchana. Buibui alikuwa akichukua bei ya jana na kuiandikia tarehe ya leo. Faili sasa lina safu mbili, moja ya tarehe iliyoandikwa kwenye ukurasa, nyingine ya saa ulipoletwa, na buibui huamka saa mbili usiku. Mdogo wangu naye ameanza kuandika saa pembeni ya kila mstari wa daftari, ambalo hajaliacha.